Fimbo ya Mbali

Mwanangu, wewe umeingia utu uzima ukakuta gavana yupo, bunge la kaunti lakaa Malindi, na seneta wa Kilifi ana kiti chake Nairobi. Kwako hivyo ni vitu vya kawaida, na mtu akivipigania au akivitukana wadhani ni siasa za juzi. Jina la Ronald Ngala walijua kwa ile barabara ya Nairobi na kwa chuo cha utalii cha pale Vipingo. Sisi tulimjua akiwa hai. Jioni nyingi nimekusikia hapa barazani ukibishana na wenzako juu ya pesa za kaunti zinazochelewa, mashamba yasiyo na hati, na wabunge wanaochaguliwa upande huu wakalala upande ule. Maneno hayo nilishayasikia, kwa sauti za watu ambao sasa wako makaburini, kabla nchi hii haijapata bendera. Kwa hivyo keti nikusimulie, na usinihimize.

Kikambala yetu ya mwanzo wa miaka ya sitini ilikuwa minazi, mikorosho na njia ya magari ya kwenda Malindi. Mtwapa unayoijua wewe, ile inayokesha kwa taa na muziki, ilikuwa mashamba na vichaka. Kusi ikivuma ilitupa harufu ya bahari na ya mwani unaooza. Kaskazi ikiingia tulipata harufu chachu ya makapi ya mkonge kutoka Vipingo. Alasiri ulipita katikati ya moshi wa vifuu, kwa sababu kila boma lilikuwa na chanja ya kukaushia nazi, na harufu ya mbata iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye daftari za shule. Peni, ile senti kumi yenye tundu katikati, ilikununulia kikombe cha chai kwa mama mmoja aliyeuza mahamri na mbaazi kando ya njia, na mwenye thumni mfukoni aliweza kumkaribisha mwenzake. Duka kubwa lilikuwa la Mhindi tuliyemwita Bhai. Mizani yake ilikuwa ya shaba, magunia ya mchele yalikaa wazi midomo, na papa mkavu alining'inia karibu na majora ya kitambaa cha hando, hata mama zetu wakarudi nyumbani na nguo mpya inayonuka samaki. Ukutani palikuwa na picha mbili: ya mungu wao mwenye kichwa cha ndovu, na ya Jawaharlal Nehru akiwa na waridi kifuani.

Hiyo minazi ndiyo kiini cha hadithi yangu. Babu alikuwa mgema. Alfajiri alipanda na kotama kiunoni na kibuyu mgongoni, jioni akapanda tena, na mti aliougema ulikuwa wa mtu mwingine, nao udongo uliobeba mti ulikuwa wa mtu wa tatu. Asili yake ni hii. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Waingereza ukanda wa pwani, zile maili kumi kutoka baharini ambamo Kikambala imo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huo, kila mwenye dai aje aandikishe. Waliojua makaratasi wakaandikisha. Wamijikenda waliokuwa wakilima na kuzika hapo hawakuhesabiwa kuwa na dai, wakaamka ni maskwota juu ya makaburi ya wazee wao. Baba yangu aliruhusiwa kupanda mahindi, mihogo na kunde, mazao ya msimu. Mnazi au mkorosho hakuruhusiwa, maana mti wa kudumu humjengea mtu haki, na wenye hati walilijua hilo vizuri.

Kila mwaka alikuja mzee mmoja wa kanzu na koti, daftari la jalada jeusi kwapani, kukusanya ijara kwa niaba ya mwenye shamba ambaye baba hakuwahi kumtia machoni. Namkumbuka uso wake vizuri: ndevu zilizotiwa hina, macho yenye upole, na kovu dogo juu ya nyusi. Alipewa dafu, akaliinua kwa mikono miwili, akauliza hali za watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha akafungua daftari. Baba alimweleza kwamba mvua za vuli zilikosekana. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema yeye ametumwa tu. Tulipewa pole, na ijara tukatoa. Kila jambo letu liliamuliwa na asiyekuwepo, na aliyekuwepo hakuwa na uwezo wa kuamua lolote. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wazee walikuwa wakisema, na wakilisema hilo hawakuwa wakizungumza habari za nyoka.

Jina la Ngala lilitufikia kwanza kama jina la mwalimu. Alizaliwa upande wa Kaloleni, akasoma Alliance na Makerere, akafundisha Kaloleni, akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka 1949 alitoa kitabu, Nchi na Desturi za Wagiriama, na mwalimu wetu alikuwa na nakala moja aliyoifunika kwa gazeti isichakae. Alitusomea yeye mwenyewe, hatukuruhusiwa kuishika. Vitabu vingine vyote tulivyofunzwa vilisimulia watu wa mbali na theluji yao, na hiki kilisimulia desturi za nyumba zetu kwa Kiswahili safi, kimeandikwa na mtu wa kwetu. Kwa hiyo mwaka 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria na Ngala akawa mmoja wa wale wanane, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi, wazee hapa hawakusema tumepata mwanasiasa. Walisema mwalimu amekwenda kutusomea barua zetu Nairobi.

Baada ya mkutano wa kwanza wa katiba kule Lancaster House, London, mwaka 1960, vyama viwili vikazaliwa. KANU ilikusanya makabila makubwa, Wakikuyu na Wajaluo, na miji. KADU iliundwa Ngong mwezi Juni na wale waliohofia kumezwa: Wamijikenda wa Ngala, Wakalenjin wa Moi, Waluhya wa Masinde Muliro, Wamasai na wengine. Ngala ndiye aliyekuwa rais wake. Uchaguzi wa mapema 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, lakini ikakataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta afunguliwe, na Ngala akakubali kuunda, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Walimtukana kwa hilo, wakamwita kibaraka wa Wazungu, na wapo wanaomtukana mpaka leo. Lakini serikali hiyo ndiyo iliyokuwapo Kenyatta alipotoka kizuizini Agosti ya mwaka huohuo. Mimi naona kwamba mtu anayekubali kazi ngumu isiyokuwa na shukrani, ili nchi isikae bila serikali ya wananchi hata kidogo, hastahili jina hilo.

Mikutano ya KADU nilihudhuria nikiwa kijana mdogo wa shule, nimekaa juu ya bega la mkorosho pamoja na wenzangu. Ngoma zilitangulia, vumbi likapanda, akina mama wakaja na hando zao za siku za sherehe, wagema wakaja na kotama viunoni kwa sababu walitoka moja kwa moja mtini. Lori lilisimamishwa likawa jukwaa. Neno lililorudiwa lilikuwa majimbo, na halikuelezwa kwa kelele. Lilielezwa pole pole na kwa mifano, jinsi mwalimu anavyoeleza hesabu za kugawanya. Kwamba nchi iwe na serikali ya Nairobi na serikali za mikoa, kila moja na kazi zake zilizoandikwa. Kwamba ardhi, shule za chini na sehemu ya polisi zisimamiwe karibu na watu. Kwamba pawe na Seneti ambamo wilaya ndogo ina kura moja sawa na wilaya kubwa, ili wengi wasiweze kubadilisha katiba kwa kupiga kelele ya "ndiyo" asubuhi moja. Babu, ambaye hakujua kusoma, alirudi nyumbani akaeleza yote hayo kwa bibi bila kukosea, na mwisho akauliza swali moja tu: hilo daftari jeusi litakuwa mikononi mwa nani?

Wakati huohuo pwani ilikuwa na wimbi jingine, la Mwambao. Walikuwapo waliotaka zile maili kumi zijitenge, ziwe nchi yake au zirudi chini ya Sultani, na Waingereza wakamtuma Bwana James Robertson achunguze mwaka 1961. Vijana wenzako walipokuwa wakipiga kelele ya "Pwani si Kenya" miaka ile ya 2010 na 2012, wengine waliapa kwamba wanafuata nyayo za Ngala. Sivyo. Ngala aliukataa Mwambao. Aliona kwamba ukanda ukikatwa, Mmijikenda atabaki bara bila bahari, au atabaki pwani bila sauti, chini ya wale wale wenye hati. Alitaka pwani iwe ndani ya Kenya, lakini Kenya iliyofungwa kwa maandishi. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakatiliana sahihi, ukanda ukawa wa Kenya moja kwa moja, na hati za mashamba zikahakikishiwa wenyewe. Kipengele hicho cha mwisho kilipita kimya magazetini. Hapa Kikambala kilipita kama msumari.

Nisikufiche upande wa pili. Katika KADU walikuwapo watu wakali, na mkutano wa mwisho wa London ulipokwenda vibaya mwaka 1963, wapo wenzake Ngala waliotishia kuigawa nchi. Mikutano mingine ilisikika maneno ya kuwatisha wageni, na mtu wa bara aliyekuwa na kibanda chake cha kunyolea karibu na duka la Bhai alifunga siku mbili tatu kwa hofu. Mbegu hiyo ilikuwamo tangu mwanzo. Miaka thelathini baadaye ilimea: katika miaka ya tisini wanasiasa walilitwaa neno la majimbo wakalifanya amri ya kufukuza majirani, na Agosti 1997 huko Likoni na Diani watu waliuawa na nyumba zikachomwa kwa jina hilo. Ngala alikuwa amekwisha kufa. Lakini yeyote anayetaka kumrithi hana budi kusema waziwazi kwamba serikali iliyo karibu ni ya kila anayeishi hapo, Mgiriama na Mkamba, Mswahili na Mluhya, ama sivyo anarithi sumu peke yake.

Turudi kwa Bhai. Yeye alikuwa mtu wa redio, na alikuwa na redio kubwa ya betri juu ya kabati la vitambaa, inayonasa Delhi usiku. Wazee walimwuliza kama huko kwao kuna majimbo. Akawaeleza kwamba yapo, na kwamba mwaka 1956 mipaka yake ilichorwa upya kwa kufuata lugha za watu, Nehru mwenyewe akiwa hataki sana, akakubali kwa kuwa watu walisimama. Kisha, kwa sauti ya chini maana alimpenda Nehru kama mzazi, akawaeleza ya Kerala: jimbo hilo lilichagua serikali ya wakomunisti, na mwaka 1959 Delhi ikaiondoa kwa amri. Wazee wakanyamaza. Nilikuwa nimetumwa sukari, nikakawia makusudi nisikilize. Mzee mmoja akasema, "Basi hata mtu mwema akikaa mbali mkono wake huwa mrefu." Nehru alipofariki Mei 1964 Bhai alifunga duka, na wazee walewale wakaenda kumpa pole, wakakaa naye kwenye mkeka mpaka jua likachwa. Nimesoma habari za India miaka mingi baadaye, jinsi serikali za Delhi zilivyotumia na kutumia tena mamlaka hayo ya kuondoa serikali za majimbo, na kila mara namkumbuka mzee yule na lile neno lake dukani.

Uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda. Madaraka yakaja Juni mosi, na katiba ya majimbo ikaanza kazi: mikoa saba yenye mabaraza yake, pamoja na Nairobi, na Seneti ya viti 41. Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Uhuru ukaja 12 Desemba, tukacheza usiku kucha, mvua ikatunyeshea tukaendelea kucheza. Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi ya kimyakimya. Hakuna aliyekuja na bunduki kuyavunja mabaraza ya mikoa. Yalinyimwa pesa. Nairobi ilichelewesha kuhamisha fedha, ikachelewesha watumishi, ikawa baraza lipo, viti vipo, wajumbe wana suti mpya, na hakuna linalofanyika. Kisha watu wakaulizwa: mwaona faida gani ya majimbo haya? Wewe ulipokuwa ukilalamika mwaka jana kwamba wauguzi wa kaunti hawajalipwa kwa sababu hazina kuu haijatuma mgao, mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimerudi 1964. Njia ni ileile. Anayetaka kuua serikali ndogo haihukumu kifo. Huicheleweshea chakula, kisha huilaumu kwa kukonda.

Wabunge wa KADU wakaanza kuhama. Huyu alivuka leo, yule kesho, kila mmoja na maelezo yake ya maendeleo kwa watu wake. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na wanachama wake wanajiunga na KANU. Tulisikia kwa redio ya Bhai. Dukani palikuwa na watu wengi, na nakumbuka zaidi mikono kuliko sura: mkono wa baba ukiwa juu ya mizani, mkono wa mama mmoja umeshika fundo la leso lenye hela zake, mkono wa Bhai ukipunguza sauti kisha ukaipandisha tena. Wengine walisema amefanya vyema, nchi changa haihitaji magomvi. Baba alisema Ngala hakuwa na njia. Babu hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani, akamwambia bibi, "Sasa tukiumwa tutalia kwa nani?" Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, mamlaka ya mikoa yakafutwa moja baada ya moja, na kufikia mwisho wa 1966 Seneti nayo ikaunganishwa na Bunge na kwisha.

Nimelifikiria jambo hili umri wangu wote, na nimeshika msimamo ambao wengine katika ukoo wetu hawaupendi. Ngala aliona mbali kuliko wakubwa wote wa wakati wake kuhusu jinsi nchi hii itakavyoumizwa na nguvu zilizokusanywa mahali pamoja. Aliyasema hayo wakati kuyasema kulimfanya aonekane mdogo. Lakini siku ile ya Novemba alituacha bila mdomo. Najua alivyobanwa, najua viti vilivyokuwa vikimkimbia na kwamba kura ya maoni ilikuwa ikitishiwa. Hata hivyo upinzani wa watu kumi, wa watu watano, ungebaki kuwa mahali pa kupeleka kilio. Odinga alipotoka KANU mwaka 1966, Ngala alikuwa amekaa ndani, akawa mmoja wa makamu wa rais wa chama na waziri. Alifanya kazi nzuri kwenye wizara zake, na skimu kama za Mtwapa na Tezo-Roka ziliwapa baadhi ya watu wetu mashamba yenye namba. Baadhi. Sisi wa huku tulibaki na daftari.

Alifariki siku ya Krismasi 1972, baada ya ajali ya gari pale Konza katika barabara ya Nairobi. Ilisemwa nyuki waliingia garini, na maneno mengi yakasemwa baada ya hayo, mimi sitayaongeza. Tulikwenda Kaloleni kwa malori. Njia nzima ilikuwa watu, wengine wamefunga vitambaa vyeusi mikononi, wengine wamevunja matawi ya mwarobaini. Wanawake wa Kigiriama walilia kwa nyimbo zao za matanga, sauti ikitoka tumboni na kuzunguka vilima vya Vishakani, na wanaume wazima niliowaogopa utotoni waliketi chini wakijifuta nyuso kwa mashati. Mwalimu wangu wa zamani alikuja na kile kitabu, bado kimefunikwa kwa gazeti.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana wewe mwenyewe umeisoma shuleni: chama kimoja kwa sheria mwaka 1982, vyama vingi kurudi mwishoni mwa 1991, chaguzi za damu. Kwetu hapa kila jambo kubwa liliendelea kupandishwa Nairobi. Tarehe 28 Novemba 2002 magaidi waliilipua hoteli ya Paradise hapa Kikambala. Waisraeli watatu walikufa, na Wakenya kumi, wengi wao wacheza ngoma wetu wa Kigiriama waliokuwa wamekuja kuwapokea wageni. Tulizika majirani. Kisha wajane na mayatima wakaanza safari za ofisi, kila ofisi ikiwaelekeza nyingine iliyo mbali zaidi, na nimemwona mama mmoja aliyekuwa na uso mzuri wa kucheka akizeeka kwenye foleni hizo na bahasha ya khaki mkononi.

Katiba mpya ilipitishwa na wananchi tarehe 4 Agosti 2010. Siku ile nilipiga kura mapema, nikarudi nyumbani nikaisoma rasimu tena, kifungu kwa kifungu, na kila ukurasa nilikutana na yule mwalimu: serikali 47 za kaunti, Seneti iliyofufuka, mgao wa mapato ya taifa usiopungua asilimia 15, kazi za kila upande zimeorodheshwa. Hawakumtaja. Baadhi ya walioiandika hawakuwa wamezaliwa alipokuwa akiieleza juu ya lori. Na tazama mzunguko wa mambo: Amason Kingi, gavana wetu wa kwanza hapa Kilifi, tangu 2022 ndiye Spika wa Seneti, chumba kilekile ambacho mwana wa Kaloleni alikipigania London. Wewe hulioni hilo kuwa kubwa. Mimi nalihesabu kuwa ushindi, na sitaki mtu aliyefadhaishwa na ufisadi wa kaunti aniambie bora tungebaki na mkuu wa wilaya. Zahanati ninayochukua dawa zangu za presha haikuwapo. Barabara ya kwenda shuleni kwa wadogo zako ilikuwa tope. Wizi upo, na mwizi wa karibu unamjua nyumba na jina la mama yake. Mwizi wa zamani hatukumjua hata sura.

Yaliyobaki ni mawili, na yote mawili ni ya Ngala. La kwanza ni ile tabia ya kuvuka. Ulikasirika sana uchaguzi wa 2022 ulipokwisha na vyama na wabunge wakahama kambi kabla wino haujakauka vidoleni mwetu. Ukakasirika tena mwaka 2024 wapinzani walipoingia serikalini. Wote walisema walilosema wale wa 1964, kwamba watu wao wanahitaji maendeleo na maendeleo yako upande ule. Mkubali au mkatae, lakini jueni kwamba pwani imelipa bei hiyo tangu zamani: kila kiongozi wetu anapoingia ndani, anapata gari, nasi tunapoteza mtu wa kuuliza maswali. Simwombi mbunge awe adui wa rais. Namwomba abaki mahali tulipomweka mpaka tumwondoe sisi.

La pili ni ardhi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wewe unakaa katika nyumba ya mawe uliyoijenga kwa jasho lako, juu ya shamba alilozikwa babu yako, na huna karatasi. Mgeni akija kesho na hati ya 1910 iliyouzwa mara nne, utapelekwa mahakamani kama mvamizi. Kaunti husema hati miliki si kazi yake, iko Nairobi kwenye wizara na Tume ya Ardhi. Ni kweli kwa hati zenyewe. Lakini soma Jedwali la Nne la katiba, sehemu ya pili, kazi za kaunti: upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani vimo, vimeandikwa kwa maneno yao. Bila kupimwa hakuna anayeweza kupewa hati na Nairobi hata Nairobi ikitaka. Kwa hivyo kazi ya kwanza iko hapa, na hapa ndipo pa kuidai.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kabla ya 30 Aprili, na kabla ya hapo huitwa vikao vya wananchi. Watu huenda wakala soda na mkate, wakatia sahihi, wakaomba kisima. Kisima ni kizuri. Safari hii uende na wenzako kumi, msome makadirio usiku uliotangulia, kisha muulize mambo matatu kwa utulivu: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa wapimaji wa ardhi, ni vijiji gani vya Kikambala vitapimwa mwaka huu, na ramani zitabandikwa wapi ili mtu asiyejua kutumia kompyuta azione. Wakisema suala hilo litapelekwa kwa wakubwa, msikae chini. Mwombeni karani aandike swali na jibu kwenye kumbukumbu za kikao, na tarehe, na jina la aliyejibu, halafu mdai nakala.